Simu, Panga na Kitanzi

Kijana akipenyeza mkono dirishani mwa matatu pale Mwembe Tayari, akachomoa simu ya abiria na kutokomea nayo, sheria ya Kenya inamhesabu kuwa ameiba kutoka mwilini mwa mtu, na kifungo chake hakizidi miaka 14. Vijana wawili wakimngoja abiria yuyo huyo ateremke, mmoja akamsukuma na wa pili akaichukua simu ile ile, sheria inasema wote wawili wahukumiwe kifo, na hakimu hana la kupunguza. Lakini aliyepanga kumuua jirani yake, akangoja usiku, akatimiza alilolipanga, huyo anaweza kusimama mbele ya jaji wa Mahakama Kuu akasomewa kifungo cha miaka kadhaa, kwa sababu tangu 2017 jaji ana hiari ya kupima.

Nikiwaeleza watu hivi hudhani natia chumvi. Barazani tumezoea kugawa makosa mafungu mawili, ya kumdhuru mtu na ya kugusa mali yake, na karibu kila mmoja atakwambia la kwanza ni zito kuliko la pili. Simu hununuliwa nyingine, uhai hakuna duka linalouuza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya sheria zetu, nayo imeyagawa hivyo hivyo: sehemu ya nne ni makosa dhidi ya mtu, ya tano ni makosa ya mali. Vichwa vya sehemu havina tatizo. Tatizo liko kwenye miaka iliyoandikwa chini ya vichwa hivyo, ambako mara nyingi mali imepewa uzito kuliko mwili wa mwenye mali, na hapo panapokutana mali na mwili, yaani kwenye wizi wa mabavu, sheria imepotea njia kabisa.

Anza na makosa madogo. Shambulio la kawaida, kifungu cha 250, ni mwaka 1. Ukimpiga mtu ukamuumiza, kifungu cha 251, ni miaka 5. Upande wa mali, wizi wa kawaida ni miaka 3, na mpaka hapo hakuna atakayelalamika. Mwenye duka Biashara Street akiibiwa na mfanyakazi wake, miaka inapanda hadi 7, maana aliyeaminiwa huadhibiwa kuliko mpita njia. Mbuzi wa mtu akiibwa Mwakirunge, miaka 14. Kwa hivyo anayekupiga hadi jicho likafumba anakabiliwa na miaka 5, na anayemfungua mbuzi wako kamba anakabiliwa na mara mbili na zaidi ya hiyo. Kifungu hicho cha mifugo, cha 278, kinataja farasi, punda, ngamia, na hata mbuni. Mbuni! Sijui ni nani Mombasa aliyewahi kwenda kituoni kuandikisha OB, daftari la matukio la polisi, kuhusu mbuni aliyeibwa.

Mlaghai naye anayewauzia watu watano ploti moja huko Kisauni, akala akiba ya miaka ishirini ya mama muuza mahamri, hushtakiwa kwa kujipatia pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313. Miaka 3. Tena awe alidanganya kuhusu jambo lililokwisha kuwa au lililopo, kwa mfano kwamba ploti ni yake. Akiwa ameahidi tu kwamba hati miliki itatoka mwezi ujao, ahadi ya kesho haiingii katika kifungu hicho, na wengi wamerudi nyumbani wakiambiwa waende mahakama ya madai. Mbuzi amelindwa kuliko ploti.

Chimbuko la haya linajulikana. Kanuni yetu ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930, enzi ya ukoloni, ikachukua nafasi ya Kanuni ya Adhabu ya India iliyokuwa ikitumiwa na mahakama za Waingereza hapa. Muundo wake asili yake ni Queensland, Australia, nchi ya ranchi. Aliyeiandika alikuwa na mifugo ya walowezi akilini kuliko mwili wa mchukuzi wa bandarini, na ukisoma viwango vya adhabu kwa macho hayo, mengi yanaeleweka. Linalonishinda kuelewa ni kwa nini tumeviacha karibu karne nzima, tukigusa hapa na pale.

Nisiidhulumu sheria lakini. Juu kabisa, mwili wa mtu umelindwa: kumtia mtu madhara makubwa ni kifungo kisichozidi maisha, mauaji yasiyo ya kukusudia vilevile, na mauaji ya kukusudia adhabu yake ya juu ni kifo. Mizani inapinda katikati, kwenye makosa ya kila siku yanayojaza madaftari ya mahakama za Mombasa na Shanzu.

Nyumba nayo ina hesabu zake, na hapa sheria imetumia akili zaidi kuliko inavyosifiwa. Kuvunja nyumba ya kuishi na kuingia kwa nia ya kutenda kosa kubwa ni miaka 7 mchana na 10 usiku. Usiku wa kisheria haungoji giza, huanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kuisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua litake lisitake. Na si lazima mlango ung'olewe ndipo ihesabiwe kuwa nyumba imevunjwa. Kusukuma mlango ulioegeshwa au kuinua dirisha lililofungwa kunatosha, na kuingia kunatimia mara tu sehemu yoyote ya mwili au ya chombo inapokuwa ndani. Mpwani anajua maana ya hilo. Kuna wezi wetu ambao hawaingii nyumba ya mtu kamwe. Wanasimama nje na ufito wenye ndoana, wanavua suruali iliyotundikwa ukutani, na ndani yake pochi na simu. Dirisha likiwa limefungwa na yeye akalifungua, ufito ukipita nondo tu ameingia, na ni miaka 10. Ila joto la Februari halimruhusu mtu kulala dirisha limefungwa. Likiwa wazi, hakuna kilichovunjwa, na kosa linageuka kuwa wizi ndani ya nyumba ya kuishi, kifungu cha 279, miaka 14, bora tu kitu chenyewe kiwe kinazidi shilingi 100 kwa thamani. Shilingi 100! Siku hizi hata kitambaa cha kichwa kinapita hapo. Kwa hivyo aliyekuta dirisha wazi anaweza kupata zaidi ya aliyelifungua, na huo ndio mfano mdogo wa kile ninacholalamikia.

Mfano mkubwa ni wizi wa mabavu.

Kifungu cha 295 kinaeleza unyang'anyi. Mtu anaiba, na wakati ule ule, au punde kabla, au punde baada, anatumia nguvu au anatishia kuzitumia ili akipate kitu au asinyang'anywe. Adhabu, kwa kifungu cha 296(1), ni miaka 14. Halafu kinakuja 296(2), ambacho ndicho cha wizi wa mabavu: mnyang'anyi akiwa na silaha au chombo cha hatari, au akiwa pamoja na mwenzake hata mmoja, au akimjeruhi, akimpiga au kumtendea ukatili mwingine wa mwili, adhabu ni kifo. Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi ya Oluoch ya 1985, na ikarudia katika kesi ya Johana Ndungu miaka ya tisini, kwamba mambo hayo matatu hayahitaji kukutana pamoja. Moja likithibitishwa, basi.

Sasa jiulize ni nani aliyebaki kwenye 296(1). Lazima awe peke yake. Asiwe na kisu, wala rungu, wala chochote ambacho hakimu anaweza kukiona kuwa chombo cha hatari. Na asimguse mwathiriwa kwa pigo lolote, atishe kwa mdomo tu. Mnyang'anyi wa namna hiyo ni nadra kama theluji Likoni. Wengine wote, kuanzia genge lenye bunduki lililovamia benki hadi vijana wawili waliosukuma mtu na kuchukua simu ya kupigia tu, wanaingia chungu kimoja cha kifo. Mwaka 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu, katika kesi ya Joseph Kaberia Kahinga na wenzake 11, waliliona hilo. Walisema vifungu hivi havitenganishi waziwazi viwango vya ubaya wa unyang'anyi inavyotakiwa na Katiba, na wakatoa miezi 18 virekebishwe. Miezi hiyo ilikwisha zamani. Vifungu bado vinasomeka vilevile na watu bado wanashtakiwa kwavyo.

Mombasa ina nafasi yake katika historia ya jambo hili, na nashangaa wenyeji hawaitaji. Tarehe 30 Julai 2010, Mahakama ya Rufaa ikiketi hapa hapa, katika kesi ya Godfrey Ngotho Mutiso, ilisema kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji, bila kumsikiliza mshtakiwa wala kutazama mazingira, ni kinyume cha Katiba. Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa aina hiyo nchini. Mwaka 2013 jopo jingine la mahakama hiyo hiyo likaupindua, katika kesi ya Joseph Njuguna Mwaura. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Francis Karioko Muruatetu na kuurudisha msimamo wa Mombasa: kifo kama adhabu ya lazima kwa mauaji ni batili.

Magerezani habari hiyo ilipokelewa kwa vifijo, na waliofungwa kwa wizi wa mabavu wakaanza nao kuomba wahukumiwe upya. Mahakama nyingi zikawakubalia. Kisha Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: uamuzi wa Muruatetu unahusu mauaji peke yake, kifungu cha 204. Anayetaka kupinga adhabu ya lazima ya kosa jingine afungue kesi yake, ipande ngazi moja moja mpaka ifike.

Kisheria maelekezo hayo yana mantiki, mahakama haiwezi kuamua kesi ambayo haikuletwa mbele yake. Tulichobaki nacho mikononi ndicho kisichoeleweka. Aliyeua, jaji atauliza umri wake, alichokozwa vipi, amejuta au hakujuta, familia ya marehemu inasemaje. Aliyepora simu akiwa na mwenzake, yote hayo yakisemwa hayabadilishi kitu. Tena muuaji hushtakiwa Mahakama Kuu, ambako kwa desturi ya miaka mingi serikali humlipia wakili asiyejiweza. Mnyang'anyi hushtakiwa mbele ya hakimu, na ingawa Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya wakili wa serikali pale ambapo haki ingepotea bila yeye, mara nyingi utamkuta kizimbani peke yake, akimuuliza shahidi maswali yanayomzamisha mwenyewe. Wa adhabu isiyopungua ndiye asiye na wa kumsemea.

Najua msomaji wa Kisauni amekwisha kununa. Atasema: wewe unakaa unapiga hesabu za vifungu, sisi vijana wa panga walituingilia saa mbili usiku, wakakata watu vidole, wakavunja maduka, na unatuletea huruma? Hasira hiyo ni ya haki. Nani asiyejua hofu ya miaka hii, Mtopanga, Mlaleo, Bombolulu, na ng'ambo ya Likoni, watu wakifunga biashara mapema kwa sababu ya kundi la watoto wenye mapanga? Sitaki mtu yeyote anayekata wenzake atembee huru.

Lakini tazama sheria ilivyokaa. Aliyekata mtu panga tayari anaweza kushtakiwa kwa kumtia madhara makubwa, kifungo cha maisha. Akiua katika kupora, ni mauaji ya kukusudia hata kama hakupanga kuua, kwa sababu kifungu cha 206 kinaihesabu nia ya kutenda kosa kubwa kuwa nia ya kuua. Hakuna jeraha ambalo 296(2) inaliadhibu na vifungu vingine vikalikosa. Inachoongeza ni kuwafikia wale ambao hawakukata mtu. Na katika makundi haya wengi ni wa miaka 15, 16, 17. Chini ya miaka 12 mtoto hana hatia ya jinai kabisa kwa Sheria ya Watoto ya 2022, na hakuna aliye chini ya miaka 18 anayeweza kuhukumiwa kifo. Mwenye miaka 17 aliyeshika panga huenda akapelekwa shule ya kurekebisha tabia pale Shimo la Tewa, na mwenye miaka 19 aliyesimama kando akishika mkoba akaandikiwa kitanzi, maana kifungu cha 21 kinawahesabu wenye nia moja kuwa wote wametenda. Sioni mkazi wa Mtopanga anayelindwa na hesabu hiyo.

Wala kitanzi chenyewe hakipo. Mara ya mwisho Kenya kunyonga mtu ilikuwa 1987. Marais wamekuwa wakizigeuza hukumu za kifo kuwa vifungo vya maisha kwa mafungu: Kibaki zaidi ya 4,000 mwaka 2009, Uhuru Kenyatta 2,747 mwaka 2016, na Ruto akafanya vivyo hivyo 2023. Kwa hivyo hakimu anatamka kifo akijua hakuna atakayekufa, mfungwa anaketi akingoja msamaha usio na tarehe, na aliyeporwa haambiwi ni miaka mingapi hasa mtu wake atakaa ndani. Tanzania, ambako wizi wa kutumia silaha una kima cha chini cha miaka 30, angalau unajua hesabu unayoikataa.

Kuna madhara mengine ya adhabu iliyopita kiasi, na haya ni maoni yangu ya miaka ya kukaa kwenye mabenchi ya mahakama. Kifungo kikiwa cha kutisha, watu huanza kukikwepa. Mama wa mshtakiwa anamwendea mwathiriwa, wanajuana mtaani, anamwambia "mwanangu, kweli utamnyongea mtoto wangu kwa simu?", na shahidi hatokei tena. Kesi za kupigana za aina ndogo sheria yenyewe inaruhusu watu wapatanishwe, kifungu cha 176 cha Kanuni za Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Hata kesi ya mauaji iliwahi kufutwa na Mahakama Kuu Nairobi mwaka 2013 baada ya familia mbili kuelewana na kulipana fidia. Kwa wizi wa mabavu suluhu hufanyika gizani, kituoni, na anayefaidika si aliyeporwa.

Halafu kuna umati. Mtaa ukipaza "mwizi!" na tairi likaletwa, kinachofuata ni mauaji ya kukusudia, hata kama aliyechomwa alikuwa na simu tatu za watu mfukoni. Kifungu cha 17 kinaruhusu kutumia nguvu kujilinda mwenyewe na kulinda mali, kwa kiasi kinacholingana na hatari, na hatari inakwisha mtu akishafungwa kamba. Aliyeleta petroli, aliyeshika miguu, aliyechochea kwa maneno, wote ni watenda kosa kwa kifungu cha 20. Watu wanaoheshimika, baba wa watoto, wanaingia humo kwa dakika tano za ghadhabu. Wakifikishwa mbele ya jaji watapimiwa kila mmoja kwa makosa yake, na ni sawa kabisa wapimiwe. Ninachouliza ni kwa nini aliyechomwa, angenusurika na kufikishwa kortini pamoja na mwenzake, yeye asingepimiwa.

Kabla sijasahau, kuna kundi jingine lisilojijua: wanunuzi. Simu inayouzwa nusu bei bila kasha wala risiti, ukiipokea huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, kifungu cha 322 kinasema miaka 14. Na ukikutwa nayo siku mbili baada ya mwenyewe kuporwa, usiwe na maelezo ya kueleweka, mahakama inaweza kukuhesabu wewe ndiye uliyepora. Kutoka mnunuzi hadi mhukumiwa wa kifo ni hatua moja, nayo ni maelezo yako kuhusu aliyekuuzia.

Ninachotaka Bunge lifanye si kikubwa. Lirudishe ngazi katika unyang'anyi. Wa kwanza, wa kutisha au kusukuma, bila silaha wala jeraha, hata kama ni watu wawili, ubaki miaka 14. Wa pili, wa silaha iliyoonyeshwa, upewe zaidi. Wa tatu, wa jeraha kubwa au bunduki, ufike kifungo cha maisha, na katika ngazi zote hakimu awe na hiari. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma naye hahitaji kungoja Bunge. Hati ya mashtaka huandikwa na ofisi yake, na hakuna kinachomlazimisha kuandika 296(2) pale ambapo 279, ambacho pia ndicho cha kuiba kutoka mwilini mwa mtu, kinaeleza vizuri zaidi kilichotokea.

Polisi wanaoandika taarifa nao wana sehemu yao. Mwathiriwa aliyetoka Kongowea akitetemeka husema "walinipiga wakanipora", na yanaandikwa hivyo hivyo kwenye taarifa, fomu ya P3, ile ya daktari kuhusu majeraha, ikaja baadaye ikisema hakuna jeraha. Aulizwe walikuwa wangapi, nani alishika nini, alisukumwa kabla simu haijatoka mkononi au walipokuwa wakikimbia nayo. Ni maswali ya dakika kumi, na yakikosa kuulizwa kituoni yataulizwa mahakamani miaka miwili baadaye, na mshtakiwa asiye na wakili.